Kodi yetu ilipie vipindi vya watoto TBC, au tuwaachie wafadhili na YouTube?

#1 MwalimuWaKihonda
Habari za jioni wakuu.

Nafundisha darasa la awali hapa Morogoro. Jumatatu asubuhi nawakalisha watoto mkekani, kila mmoja anasimulia mambo ya Jumamosi na Jumapili. Wiki hii wengi walisimulia katuni, karibu zote za nje, Kiingereza kitupu. Ya Kiswahili ilitajwa moja tu, ya Akili, yule binti anayeishi chini ya mlima Kilimanjaro. Kuna mtoto hajanyoosha mkono tangu Januari. Kasimama, kahesabu moja hadi kumi kwa kuimba kama Akili, kakaa. Nilipiga makofi mpaka mwalimu wa darasa la pili akachungulia dirishani.

Jioni nikajiuliza nani kalipia ule wimbo. Si Wizara ya Elimu. Si TBC, shirika la utangazaji la taifa. Wameutengeneza Ubongo, shirika lisilo la faida la hapa hapa Dar, ambao Ubongo Kids yao ilianza TBC1 Januari 2014, na kwa sehemu kubwa wanaishi kwa ruzuku kutoka nje. Kabla yao tulikuwa na Kilimani Sesame, nayo ya hela ya Marekani. Mwaka 2025 USAID, shirika la misaada la Marekani, lilifungwa. Kesho mfadhili mwingine akibadili mawazo, mtoto wangu wa Kihonda ataimba nini?

Msimamo wangu: serikali ilipe, na kasma, yaani fungu la bajeti, iwe na jina lake, "vipindi vya watoto", isichanganywe na mafuta ya magari ya TBC. Mnasemaje?

#2 Kibopa_Tegeta
Mwalimu, nakuheshimu, ila hapana. Kuna shule watoto wanakaa chini na zahanati hazina gloves. Ukienda kwa Waziri wa Fedha kuomba hela ya katuni atakuonyesha hiyo foleni. Anayetaka katuni anunue king'amuzi. Soko lipo, liacheni lifanye kazi.

#3 BintiRufiji
Soko gani kaka Kibopa? Mtoto wa miaka minne hana hela. Kituo binafsi kinaishi kwa matangazo, na matangazo yanayolipa vizuri nchi hii ni bia, mitandao ya simu na kubashiri mechi. Utaweka lipi kati ya hayo Jumamosi saa tatu asubuhi mbele ya watoto? Ndiyo maana saa hiyo wanaweka marudio ya tamthilia. Sio roho mbaya, ni hesabu.

#4 Mzee_wa_Idhaa
Vijana mnaongea kama vile jambo hili halijawahi kufanyika. Sisi tulikua na Redio Tanzania Dar es Salaam. Ile ilikuwa idara ya serikali, mtangazaji analipwa na Hazina kama karani yeyote. Na watoto tulikuwa na Mama na Mwana, Bi. Deborah Mwenda akisimulia hadithi. Nyumba nzima kimya, hata baba aliyejifanya anasoma gazeti alikuwa halifungui ukurasa wa pili. Mtaani ukimkuta mtoto analia saa hiyo ujue redio ya kwao betri zimekwisha.

Hakuna aliyeuliza soko linasemaje. Tena serikali ile ile ndiyo iliyoendesha Mtu ni Afya mwaka 1975, vijiji vizima vikichimba vyoo kwa kusikiliza redio.

#5 Kasidi_Ilala
Shikamoo mzee. Marekebisho kidogo: Mtu ni Afya ilikuwa 1973. Ya 1975 ni Chakula ni Uhai. Mtu ni Afya ilifikia watu takriban milioni mbili kwa vikundi vya kusikiliza, kila kikundi kina redio, kitabu na kiongozi wa kikundi.

Na hapo kuna jambo. Haikuwa redio peke yake. Kulikuwa na mtu wa elimu ya watu wazima aliyepita kijijini. Leo tukisema serikali ilipe kipindi, tunasahau yule kiongozi wa kikundi.

#6 Mzee_wa_Idhaa
Marahaba. Umesema kweli, 1973. Kumbukumbu inachanganya, lakini choo tulichochimba kwetu Singida nakikumbuka bila kuchanganya.

#7 Mtafiti_Mstaafu
Niongezee kwa mzee. Mwaka 1993 Redio Tanzania ilianza kurusha Twende na Wakati, mchezo wa redio wa uzazi wa mpango na UKIMWI. Wengi wanamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori. Sasa kisa chake ambacho wasikilizaji wengi hawakukijua: Dodoma ilikuwa na mtambo wake, ikaachwa isirushe mchezo huo kuanzia 1993 hadi 1995 ili watafiti walinganishe. Sehemu zilizosikia, watu wengi zaidi walianza kutumia uzazi wa mpango kuliko Dodoma.

Lakini angalieni nani alilipa. Mitambo na watangazaji ni wa serikali, fedha za uzalishaji zilitoka Umoja wa Mataifa. Kwa hiyo zile "enzi za serikali kulipa" mzee anazozisifu nazo zilichanganya mifuko. Swali la mwalimu, serikali au wafadhili, kwangu limekatwa vibaya. Swali ni nani anashika usukani pale mfuko mmoja unapofunga.

#8 Dogo_Makumbusho
Nguo ya kuazima haisitiri matako. Uzi umekwisha.

#9 BintiRufiji
Dogo, uzi haujaisha, umefika ukurasa wa kwanza tu. Kaa usome 😂

#10 Sauti_ya_Chamwino
Wote mnazunguka mbuyu. Tatizo sio hela, ni nani bosi. Januari 2016 serikali ilitangaza TBC isitishe kurusha Bunge moja kwa moja, sababu iliyotolewa ni gharama, bilioni 4.2 kwa mwaka. Wananchi wakabaki na kipindi cha usiku kilichohaririwa. Leo unataka mtoa hela yule yule aamue mtoto wako asikie nini? Utapata saa nzima ya watoto wakiimba kumpokea mkuu wa mkoa.

#11 Kibopa_Tegeta
Hapo umenena mkuu.

#12 MwalimuWaKihonda
Sauti_ya_Chamwino, hofu yako ni ya kweli na naishi nayo mimi mwenyewe. Lakini mtaala wa awali nao unalipiwa na serikali hiyo hiyo. Vitabu vya TET, Taasisi ya Elimu, vinalipiwa na serikali. Mbona hatusemi tuvichome? Tunasimamia kilichomo ndani. Kama mtoto anajifunza kuhesabu, anajifunza kunawa mikono, anajifunza kwamba mwenzake mwenye ualbino ni mwenzake, mkuu wa mkoa ataingilia wapi?

#13 Sauti_ya_Chamwino
Ataingilia kwenye ratiba, mwalimu. Saa tatu kipindi cha watoto, saa tatu na dakika tano "tunakatisha matangazo tuelekee uwanjani". Hakuna atakayegusa maudhui. Kipindi hakitakuwepo tu.

#14 Mtu_wa_Leeds
Habari wakuu. Huku Uingereza kila nyumba inayotazama televisheni inalipa leseni, mwaka 2025 ilikuwa pauni 174.50. Hela hiyo waziri hawezi kuigawa anavyotaka, inaenda BBC, ingawa kiwango anapanga serikali. Humo ndimo inatoka CBeebies, chaneli ya watoto wadogo iliyoanza 2002, tangazo hata moja hamna.

BintiRufiji kagusa pale pale. Huku mwaka 2006 msimamizi wa utangazaji aliamua matangazo ya vyakula vyenye sukari, chumvi na mafuta mengi yaondoke kwenye vipindi vya watoto. Uamuzi mzuri kwa meno ya watoto. Vituo binafsi vikaona hela imeondoka, vikapunguza kutengeneza vipindi vya watoto. Serikali ikaja kuweka mfuko wa majaribio wa pauni milioni 57 mwaka 2019 kuvisaidia, mwaka 2022 ukafungwa. Yaani hata nchi tajiri, soko likiachwa lenyewe mtoto anakuwa wa mwisho.

#15 Fundi_Redio
Leseni? Hapa? Afrika Kusini wana leseni ya SABC, randi 265 kwa mwaka, na wengi hawalipi. Sasa Mtanzania ndiye atalipa?

#16 Kasidi_Ilala
Ipitishwe LUKU, kwenye umeme wa kulipia kabla. Kodi ya majengo tunalipa kupitia LUKU tangu Agosti 2021, ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Ongeza mia mbili ya vipindi vya watoto, utaona inavyokusanyika.

#17 Kibopa_Tegeta
KASIDI. Futa bandiko lako kabla hawajalisoma 😂😂 Tumetoka kwenye tozo za miamala juzi juzi.

#18 Mama_Junior_Mbagala
Mpangaji ndiye anayenunua umeme, mwenye nyumba ndiye mwenye jengo. Tayari nalipia jengo la mtu. Sasa nilipie na katuni ya mtoto wa mtu? Mimi hapana. Kama ni serikali ilipe kutoka kwenye kodi ambazo tayari inachukua kwenye sabuni na sukari ninayonunua.

#19 Mpare_wa_Minnesota
Wakuu, habari za Marekani ndizo nilizo nazo karibu. Mwaka 1967 Bunge la huku lilipitisha sheria iliyounda shirika la kugawa fedha za serikali kwa vituo vya umma, CPB, likiwekwa katikati ili mwanasiasa asimpigie simu mtangazaji. Mwaka 1969 kulikuwa na mpango wa kukata hela, dola milioni 20. Mtangazaji wa kipindi cha watoto, Fred Rogers, akaenda mbele ya kamati ya Seneti, akaongea dakika kama sita kwa upole, hata mashairi ya wimbo wa mtoto mwenye hasira akayasoma. Hela ikabaki.

Julai 2025 Bunge hilo hilo limefuta dola bilioni 1.1 zilizokwisha kupitishwa kwa miaka miwili, na Agosti CPB ikatangaza inajifunga. Watakaoumia sio New York, ni vituo vidogo vya vijijini, kwa sababu huko ndiko hela ya serikali ilikuwa sehemu kubwa ya bajeti. Binti yangu alijifunza herufi kwa chaneli hiyo ya umma miaka ambayo sikuweza kulipia nyingine. Nilikuwa nafanya kazi usiku, asubuhi nasinzia kwenye kochi, yeye ananiamsha kunionyesha herufi M.

#20 Dogo_Makumbusho
Uzi wa mahindi, "huku Minnesota". Uzi wa Simba na Yanga, "huku Minnesota". Lakini leo umenigusa bro, hiyo ya herufi M.

#21 Sauti_ya_Chamwino
Mpare kanisaidia bila kujua. Waliweka shirika la katikati, wakaweka sheria, wakakaa nayo karibu miaka 60, na bado siasa imelifikia. Kasma yenye jina lake, mwalimu, ni karatasi tu.

#22 Mpare_wa_Minnesota
Au limekusaidia kuona kinyume. Karibu miaka 60 ni vizazi viwili na nusu vya watoto. Ungetaka wasubiri mpaka ipatikane kinga isiyovunjika?

#23 Asha_wa_Mkunazini
Assalaam alaykum. Mie nishangae, mnajadili televisheni ya serikali kama kitu kipya na Zanzibar tunayo tangu mwanzoni mwa miaka ya sabini, tena ya rangi, bara mkiwa hamna hata nyeusi na nyeupe. Bibi yangu akihadithia walivyokuwa wakitoka na mikeka kwenda kutazama kwenye televisheni ya jumuiya. Televisheni haikuwa ya mwenye nyumba, ilikuwa ya mtaa.

Skuli nnayofundisha watoto wanafahamu Kiingereza cha katuni kuliko neno "kangaja". Juzi nimewaonyesha tunda lenyewe, wamelitaja kwa jina la kwenye boksi la juisi. Mie hilo ndilo linaloniuma kuliko hizo hesabu zenu za leseni.

#24 Kasidi_Ilala
Waalaykum salaam dada Asha. Kweli kabisa, bara tulisubiri hadi 1994, na zilizotangulia ni binafsi, kama ITV na DTV. Televisheni ya Taifa imekuja baadaye kabisa. Labda ndiyo sababu: bara televisheni imezaliwa sokoni, redio ndiyo iliyozaliwa serikalini. Tumezoea hivyo.

#25 Mtengeneza_Vibonzo
Niseme kama mtu wa kazi hii. Mimi nachora vibonzo mjongeo, nina wenzangu watatu. Dakika moja nzuri inatuchukua wiki kadhaa, kompyuta ziko usiku kucha. Tulitengeneza kipindi kimoja cha majaribio, hadithi ya sungura na mti wa mbuyu, tukakipeleka kituo kimoja cha televisheni. Walikipenda kweli, dada mmoja alitokwa machozi. Kisha wakatupa bei: sisi ndio tulipie muda wa kurushwa. Tunatengeneza, tunawapelekea, halafu tunawalipa.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mfadhili ana nguvu. Sio kwamba watengenezaji hatupo. Kuna shimo kati ya chumba changu na kioo cha nyumbani kwako, na anayelijaza leo ni mwenye ruzuku peke yake. Serikali si lazima itengeneze katuni. Inunue. Itangaze zabuni ya vipindi 26 vya Kiswahili kwa mwaka, tushindane, kituo cha taifa kiamriwe kuvirusha saa isiyobadilika.

#26 Kibopa_Tegeta
Hii ya zabuni naweza kuielewa. Kama barabara. Ila nani atakaa kwenye kamati ya kuchagua? Mwakani utakuta kampuni ya mpwa wa mtu inachora sungura wenye miguu mitatu.

#27 Wanjiru_wa_Nakuru
Hamjambo majirani. Huku Kenya tumekuwa na vipindi vya shule redioni tangu zamani, vinatayarishwa na taasisi ya mitaala ambayo leo ni KICD na kurushwa na KBC. Tukiwa shule ya msingi mwalimu alikuwa analeta redio darasani, anaiweka juu ya dawati, tunajibu maswali ya mtu asiyetusikia. 2020 shule zilipofungwa kwa korona, vipindi vya aina hiyo ndivyo vilivyotubeba. Mtambo ulikuwapo, walimu waliozoea maikrofoni walikuwapo. Ungeanza kuvijenga Machi 2020 ungechelewa.

Hiyo ndiyo hoja yangu: si burudani, ni kama gari la zimamoto. Unalilipia hata siku ambayo hakuna moto.

#28 Fundi_Redio
Sisi nasi shule zilifungwa Machi hadi Juni mwisho 2020 na masomo yakarushwa TBC. Nilikuwa natengeneza redio mpaka saa nne usiku, watu wanazifufua kutoka stoo.

#29 Nyakanazi_Junction
Nawasoma tangu mwanzo. Niko Ngara, kilomita chache na Burundi. Huku ukizungusha kitafutio unapata Kirundi na Kinyarwanda kwa wepesi, Kiswahili cha Dar kinakuja na upepo. Nyumba yenye televisheni kijijini kwetu ni ya kuhesabu. Nyinyi mnagombania katuni.

Kama hela ipo, iende kwenye redio. Mnara kwanza, halafu hadithi ya jioni kama ile ya Mama na Mwana aliyoisema mzee. Mchoraji wa #25 anahitaji wiki kadhaa kwa dakika moja. Msimulizi anahitaji maikrofoni na moyo.

#30 Mtengeneza_Vibonzo
Ndugu yangu wa Ngara, sina jibu. Ningekuwa waziri ningeanza na wewe.

#31 BintiRufiji
Lakini mtoto wa miaka mitatu redio haimfundishi umbo la herufi. Ule utafiti wa Akili uliofanywa hapo hapo Morogoro kwa mwalimu ulionyesha watoto waliotazama walifanya vizuri kwenye kuchora, kujua maumbo, kutambua namba na kuhesabu. Vyote viwili vinahitajika.

#32 Baba_Neema
Samahani naingia kwa lingine. Neema wangu ana miaka sita, hasikii tangu kuzaliwa. Nimetafuta kipindi cha watoto cha Kitanzania chenye mkalimani wa lugha ya alama kuanzia mwanzo hadi mwisho, sijakipata. Taarifa ya habari anaiona yule mama pembeni, anakimbia kumtazama, anaiga mikono yake. Anatazama bei ya korosho na ajali za barabarani kwa sababu ndiyo mahali pekee mtu anaongea naye.

Kibopa, hilo soko lako niambie lini litamfikia Neema. Watoto kama yeye hawatatosha kamwe kumvutia mtu wa matangazo. Sasa kama si serikali, ni nani?

#33 Kibopa_Tegeta
Baba Neema, sina la kukujibu hapo. Kwa Neema nalipa. Hata kwenye LUKU.

#34 Kasidi_Ilala
Screenshot nimepiga.

#35 Bando_Limeisha
Mnasahau simu. Watoto wapo YouTube, televisheni inazeeka. Ubongo wenyewe wapo YouTube bure.

#36 Mama_Junior_Mbagala
Bure ya nani? Bando la elfu moja mtoto analimaliza kabla uji haujapoa. Na ikimaliza katuni moja inajiendesha yenyewe kwenda nyingine. Nimewahi kurudi kutoka kisimani nikakuta anatazama mtu anafungua boksi la midoli kwa lugha nisiyoijua. TBC ikiwa mbovu bado najua saa inayofuata kuna nini.

#37 Fundi_Redio
Tena mkumbuke 2018, ITV na wenzake zilipofungiwa kwenye ving'amuzi vya Azam na DStv. Iliyobaki ni TBC.

#38 Kasidi_Ilala
Hazikufungiwa mkuu. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilisema leseni za ving'amuzi vile vya kulipia hazikuruhusu kubeba chaneli za bure, zikaondolewa humo, ila kwenye vingine kama StarTimes ziliendelea. Lakini hoja yako inasimama: chaneli ya taifa ndiyo iliyolazimika kuwa kote.

#39 Sauti_ya_Chamwino
Na ndiyo sababu inayonitisha, kwa sababu iko kote.

#40 MwalimuWaKihonda
Asanteni, nimesoma yote, ya Baba Neema nimeisoma mara tatu. Bado nasimama kwenye kasma, ila naongeza mambo mawili ambayo sikuyawaza: inunuliwe kwa ushindani kama alivyosema mchoraji, na redio isiachwe. Ya ratiba kukatwa sijaipatia dawa.

Baba Neema, hapa mjini nafahamu mwalimu wa lugha ya alama, nimekuandikia pembeni.

Mzee wa Idhaa, swali moja. Hizo hadithi za Mama na Mwana zilirekodiwa kwenye kanda kubwa za Redio Tanzania. Kuna mtu yeyote humu aliyewahi kuingia maktaba ya kanda akaziona? Ningezisikilizisha mkekani Jumatatu.

#41 Mzee_wa_Idhaa
Kanda zile za duara nimezishika kwa mikono yangu miaka ya themanini, rafu hadi darini. Rafiki yangu aliyekuwa fundi mitambo yuko Kimara, simu yake ninayo. Nitampigia kesho baada ya swala ya asubuhi. Mwalimu, usifunge uzi.